Siku Nne za Kuvuta Kamba

Injini ya pampu yangu ya maji, yenye silinda moja na ujazo wa sentimita za ujazo 163, ilikataa kuwaka baada ya kukaa stoo kwa miezi saba, nami nilitumia siku nne kuihangaikia ilhali kazi iliyohitajika ilikuwa ya saa moja. Muda mwingine wote ulimezwa na hitilafu ya pili, ambayo haikuwemo ndani ya injini nilipoanza kuigusa. Hiyo niliitia mimi mwenyewe, kwa spana yangu, nikiwa na yakini kwamba ninatengeneza.

Ninayaandika haya jinsi yalivyotokea, makosa yakiwemo, kwa sababu maelekezo mengi ya namna hii huandikwa kana kwamba injini hubeba hitilafu moja tu, na kana kwamba mtu anayeitengeneza hana mikono ya kuharibu.

Siku ya kwanza nilifungua koki ya petroli, nikafunga choki, nikaiweka swichi mahali pa kuwashia, nikavuta kamba. Petroli iliyokuwamo tangini ilikuwa ileile ya miezi saba iliyopita, jambo ambalo lingetosha kunishtua, lakini wakati huo niliamini kwamba petroli ni petroli mradi haijaingia maji. Nilivuta mara thelathini hivi, bila kusikia hata dalili moja ya kukohoa. Ndipo nikafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwashia petroli ndani ya silinda, nikaichomeka kwenye kofia ya waya wake, nikaugusisha mwili wake wa chuma kwenye mwili wa injini, nikavuta kamba tena kwa mkono mwingine. Cheche ya buluu iliruka kwenye ncha, ikatoa mlio mdogo mkavu, tena kila mara nilipovuta. Niliitazama pia plagi yenyewe: ilikuwa kavu kabisa, na nilipoinusa haikuwa na harufu ya petroli.

Mambo hayo mawili yalikuwa jibu kamili, nami nilikuwa nimeyashika mkononi. Cheche ipo, mafuta hayafiki. Injini yenye kabureta nzima, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikivutwa mara thelathini huku choki imefungwa, hulowesha plagi mpaka inadondosha, kwa kuwa choki huzuia hewa na kuilazimisha injini kufyonza petroli nyingi. Plagi ikitoka kavu baada ya mateso hayo, maana yake petroli haikupita, na hakuna sababu ya kugusa kitu chochote cha upande wa umeme.

Lakini ncha ya plagi ilikuwa na masizi, na masizi yanachukiza macho. Nikaamua kwamba plagi imechoka. Nikanunua mpya, nikaupima upenyo wa ncha zake ukawa kati ya milimita 0.7 na 0.8 kama kitabu cha mwongozo kinavyotaka, nikaifunga, nikavuta mpaka bega likauma. Hakuna kilichobadilika.

Niseme neno moja kuhusu kipimo hicho cha cheche, kwa sababu siku nyingine kilinitia hofu. Tundu la plagi likiwa wazi, kila mvuto wa kamba hutoa nje mvuke wa petroli uliomo ndani ya silinda, na cheche inayoruka kando ya tundu hilo inaweza kuuwasha. Nilifanya hivyo kwa injini iliyokuwa imekunywa mafuta kupita kiasi, na ulimi wa moto wa urefu wa kiganja ukatoka na kutoweka kabla sijarudi nyuma. Tangu hapo huiegemeza plagi mbali na tundu, upande wa pili wa silinda ikiwezekana, nikihakikisha kwanza kwamba hakuna petroli iliyomwagika. Wala siishiki kwa vidole, kwa kuwa umeme unaofika pale ni wa maelfu ya volti na hutikisa mkono mpaka kwenye kiwiko.

Siku ya pili mtu mmoja ninayemfahamu alipita, akasikiliza malalamiko yangu, akatamka kwa uhakika mkubwa kwamba koili za injini hizi, zile zinazotoa umeme wa cheche, hufa zikikaa muda mrefu bila kazi. Ningemwambia kwamba jana tu niliiona cheche kwa macho yangu. Sikumwambia, na nadhani sababu ni kwamba kauli yake ilinipa kitu cha kufanya, na kufanya kitu kunafariji kuliko kufikiri. Nikafungua kifuniko cha chuma kinachozungushia feni, nikaitoa koili, nikasugua kutu iliyokuwa kwenye sumaku ya gurudumu zito linalozunguka na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, nikairudisha koili na kuacha upenyo wa milimita 0.4 hivi kati yake na gurudumu, kisha nikafunga kila kitu kwa bolti zake. Nilipopima cheche, haikuwepo.

Mtu aliyetulia angeshtuka. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi kabla ya kuguswa kimeacha kufanya kazi baada ya kuguswa. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Mimi nilishangilia kwa namna fulani, nikajiambia kwamba yule bwana alisema kweli, koili imekufa. Nikanunua koili. Siku ya tatu nikaifunga, nikavuta, na cheche haikutokea. Jambo ninaloliona la ajabu hadi leo ni kwamba kufikia wakati huo kumbukumbu yangu ilikuwa imejiandika upya: nilikuwa nikimweleza kila aliyeuliza kwamba injini hii "tangu mwanzo haina cheche," nami nilikuwa ninaamini ninachokisema.

Jioni hiyo nilimpigia simu mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi wa injini kwa miaka mingi. Baada ya shikamoo nilianza kumhesabia vitu nilivyokwisha kubadilisha, akanikata katikati.

"Vitu ulivyonunua sijakuuliza," alisema. "Siku ya kwanza ulipoitoa plagi, ilikuwa mbichi au kavu?"

"Ilikuwa kavu, mzee."

"Na cheche uliiona, hukuiona?"

Nilikaa kimya kwa muda, kwa maana hapo ndipo picha ya ile cheche ya buluu iliponirudia. "Niliiona."

"Basi cheche imefia mikononi mwako, mwanangu. Rudi ulikopita."

Nilirudi nilikopita. Ili kueleza nilichokikuta, inabidi kwanza nieleze jambo ambalo sikulijua kabla ya siku hiyo, ijapokuwa nilikuwa nimezizima injini za namna hii mamia ya mara. Injini hizi hazihitaji betri ili kutoa cheche. Sumaku iliyofungwa kwenye gurudumu hupita mbele ya koili kila mzunguko, na kupita huko ndiko kunakozaa umeme wa cheche. Kwa hiyo swichi ya kuzimia haina waya wa betri wa kuukata. Inachofanya ni kuuunganisha waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye koili na mwili wa injini, ili umeme umwagike huko badala ya kwenda kwenye plagi. Maana yake ni kwamba waya huo ukichubuka na kugusa chuma mahali popote, injini inaona kwamba swichi imezimwa, hata kama kwa nje umeiweka panapotakiwa, na itaendelea kuona hivyo milele.

Nilikichomoa kichwa cha waya huo kwenye koili, nikauacha unaning'inia hewani bila kugusa chochote, nikavuta kamba. Cheche ikarudi. Nikaitoa koili mpya, nikairudisha ya zamani, nikavuta: cheche. Koili zote mbili zilikuwa nzima. Nikaufuata waya kwa kidole kutoka kwenye koili, na sehemu unapopita chini ya ukingo wa kile kifuniko cha feni nikaukuta umebanwa na bolti, mpira wake umepondeka ukawa bapa, na shaba yake inang'aa kwa upana wa punje ya mchele. Nilikuwa nimeubana mwenyewe siku ya pili wakati wa kufunga. Nikaufunga kwa tepu ya umeme, nikaupitisha kwenye mfereji wake uliotengenezwa kwa ajili hiyo, ambao sikuwa nimeuona, nikaurudisha mahali pake.

Anayekijaribu kipimo hiki akumbuke kwamba injini ikiwaka huku waya ule umechomolewa, swichi haitaizima. Itabidi aifunge koki ya petroli na kungoja, au aifunge choki mpaka injini ijikabe, kwa hiyo ajue mapema mkono wake utakwenda wapi.

Waya huohuo, katika injini nyingi za aina hii, umeunganishwa pia na kifaa kidogo kilichomo ndani ya sanduku la oili, ambacho hukata cheche oili ikipungua. Miezi michache baadaye niliitwa kuitazama jenereta iliyokuwa haitoi cheche, na mwenyewe alikuwa tayari kununua koili. Ilikuwa imewekwa juu ya ardhi yenye mteremko, na oili ilikuwa chini kidogo ya kiwango. Tuliisogeza mahali tambarare, tukaongeza oili mpaka ikafika ukingoni mwa tundu la kujazia, ikawaka. Sikufungua hata bolti moja.

Tukirudi kwenye pampu: siku ya nne injini ilikuwa imerudi pale ilipokuwa siku ya kwanza, yaani ina cheche na haipati mafuta. Safari hii nilianza na kipimo kinachochukua dakika mbili na kusema mengi kuliko kingine chochote ninachokijua. Nilimimina petroli safi isiyozidi nusu kijiko cha chai ndani ya tundu la plagi, nikaifunga plagi, nikarudisha kofia yake, nikasogeza kopo la petroli mbali, nikavuta. Injini ilinguruma kwa sekunde mbili hivi, ikafa. Katika sekunde hizo nilijua kwamba cheche inakuja kwa wakati wake, kwamba silinda inagandamiza inavyotakiwa, na kwamba kilichobaki ni njia ya petroli tu kutoka tangini hadi kwenye valvu. Kama isingekohoa hata kidogo, ningetafuta upande mwingine.

Njia ya petroli nayo ina mpangilio, na ni afadhali kuifuata kutoka juu kwenda chini. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kutolea mafuta. Niliilegeza huku koki ikiwa wazi na chombo kikiwa chini yake. Petroli ilitoka, na haikukoma. Hilo liliondoa shuku juu ya koki, kichujio kidogo kilicho chini yake, mpira wa mafuta, na ile sindano ya boya inayofungua na kufunga mlango wa bakuli. Liliondoa pia shuku juu ya mfuniko wa tangi, ambao una tundu la kupumulia, na tundu hilo likiziba petroli huacha kushuka polepole kadiri nafasi iliyo juu yake inavyokosa hewa. Injini yenye ugonjwa huo kwa kawaida huwaka vizuri, hufanya kazi kwa dakika kadhaa, huzima, na huwaka tena ukiufungua mfuniko. Yangu haikuwa hiyo.

Ila petroli iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake ilikuwa ya vanishi, ile ya mbao zilizopakwa karibuni, si ile kali inayochoma pua. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyogeuka mvuke kwa urahisi na kuiwasha injini ikiwa baridi, ndivyo vinavyotangulia kupotea hewani. Kinachobaki huungana na oksijeni kidogo kidogo na kuwa utomvu. Katika tangi lililojaa mabadiliko hayo huchukua miezi. Katika bakuli la kabureta, ambalo lina petroli kidogo na limeachwa wazi kwa hewa, wiki chache zinaweza kutosha. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huongeza balaa, maana ethanoli hunyonya unyevu.

Nilifunga koki, nikafungua bolti ya bakuli. Ndani, kwenye kitako, kulikuwa na tope la rangi ya kahawia lililoganda kama gundi iliyosahauliwa. Nikaichomoa jeti kuu, kipande chenye tundu dogo la kupitisha petroli, kwa bisibisi iliyojaa vizuri kwenye mfuo wake, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na bisibisi nyembamba huula mfuo huo ukabaki shimo la duara. Nikaiinua kuelekea dirishani. Jeti iliyo safi huonyesha duara dogo la mwanga. Hii haikuonyesha kitu. Jeti ndogo ya mwendo wa polepole ilikuwa hivyohivyo. Nilizilowesha katika dawa ya kusafishia kabureta, nikang'oa uzi mmoja kutoka kwenye waya laini wa umeme, ule wa nyuzi nyingi, nikaupitisha kwenye matundu hayo taratibu. Sindano ya kushonea ingekuwa karibu zaidi na ingefanya kazi kwa kasi zaidi, lakini chuma kigumu hukwangua shaba na kupanua tundu, na tundu likishapanuka injini itakunywa mafuta kupita kiasi siku zake zote. Nyuma ya jeti kuu kuna bomba dogo lenye vitundu ubavuni. Lilianguka lenyewe nilipoigeuza kabureta, na ningelipoteza kama nisingekuwa nimetandika kitambaa cheupe mezani.

Baada ya kupuliza kila njia kwa hewa, nilirudisha vitu kwa utaratibu ule niliovitoa, nikamwaga petroli yote ya zamani kutoka tangini ndani ya chombo cha kutupia, nikajaza mpya. Bakuli lilivuja. Nilikuwa nimeikalisha vibaya ile pete ya mpira inayolizunguka, nikalifungua tena. Mara ya pili halikuvuja. Nilivuta kamba mara nne, na mvuto wa nne ukawa wa mwisho kwa siku hiyo. Niliiacha ingurume kwa nusu saa nzima, nje, mahali palipo wazi, kwa maana moshi wa injini ndogo una gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haionekani wala hainuki, na si kitu cha kukichezea ndani ya stoo.

Tangu hapo nimekuwa na mazoea ambayo baadhi ya jamaa huyacheka. Kabla sijafungua kitu chochote huandika kwenye kipande cha karatasi nilichokiona: plagi kavu au mbichi, cheche ipo au haipo, kamba nzito au nyepesi. Halafu hugusa kitu kimoja tu, na kupima tena, hata kama nina hakika kwamba vitu viwili vina kasoro. Karatasi ile haitegemei kumbukumbu yangu, ambayo nilishaona jinsi inavyokubali kuhongwa.

Hilo la kamba ndilo nililojifunza mwisho, na pengine ndilo watu hulipuuza zaidi. Kamba ya injini nzima huleta ukinzani mahali fulani katika mzunguko, pistoni inapopanda huku valvu zote mbili zimefungwa. Mafundi huuita ukinzani huo kompresheni. Niliwahi kupewa injini nyingine ya ukubwa uleule ambayo kamba yake ilivutika kama uzi kwenye kibiringo. Cheche ilikuwepo, petroli ilifika, na kile kipimo cha nusu kijiko hakikutoa hata kikohozi. Nilifungua kifuniko cha valvu nikapima nafasi iliyo kati ya mkono unaosukuma na shina la valvu, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa mwisho wa mgandamizo. Mwongozo wake ulitaka milimita 0.15 kwa valvu ya kuingizia na 0.20 kwa ya kutolea moshi. Ile ya kutolea haikuwa na nafasi yoyote: kikalio chake kilikuwa kimelika, valvu ikazama ndani zaidi, na shina likawa linashikiliwa lisifunge mpaka mwisho. Kuirekebisha nati kulichukua dakika kumi, na kamba ikapata uzito wake.

Hitilafu moja niliyokutana nayo mara moja tu ilikuwa ya mashine ya kukata majani iliyogonga jiwe. Ilikuwa na kila kitu, cheche, mafuta na mgandamizo, lakini kila ilipovutwa iliurudisha mkono kwa nguvu. Kabari ndogo inayolishika gurudumu la sumaku kwenye krenki ilikuwa imekatika nusu, gurudumu likazunguka kidogo, na cheche ikawa inakuja kwa wakati usio wake. Kabari hiyo hutengenezwa kwa metali laini makusudi, ili ikatike yenyewe kabla krenki haijapinda.

Pampu yangu sasa, kabla ya kuiweka stoo, naifunga koki ikiwa bado inafanya kazi, naiacha inywe kilichobaki ndani ya bakuli mpaka izime yenyewe, kisha nalegeza ile skrubu ya chini kutoa matone ya mwisho, na tangi naliacha tupu. Msimu uliofuata iliwaka kwa mvuto wa tatu. Inatumia koili yake ya zamani mpaka leo. Ile niliyoinunua ipo ndani ya kopo pamoja na plagi yenye masizi, ambayo nayo, nilipoisugua kwa brashi ya waya, ilitoa cheche safi.